Ngiri na Habari za Mtoni

Kiangazi kilikuwa kikali, na watoto wa Ngiri walilia kiu. Mto ulikuwa karibu, lakini Simba alijilaza pale siku zote.

Asubuhi moja Kunguru akatua juu ya mgunga. "Mama Ngiri, kawanyweshe watoto. Simba amehama."

Ngiri hakuwa mwepesi wa kuamini. "Habari ya mdomo mmoja hainitoshi," akasema, akaenda kwa Kanga.

"Ni kweli, dada, amehama," Kanga akajibu.

Akaenda kwa Kima. "Amehama! Ni wewe tu hujasikia?"

Akamwuliza na mzee Kobe, ambaye hasemi ovyo. "Nami nimesikia hivyo, mwanangu."

Moyo wa Ngiri ukatulia. Akawaongoza wanawe mpaka mtoni. Walipoinama kunywa, Simba akachomoka kwenye matete.

Ngiri alirudi peke yake, ubavu umechanika. Akamwendea Kobe. "Mzee, ulimwona Simba akihama?"

"La, mwanangu. Niliambiwa na Kima."

Kima akasema aliambiwa na Kanga. Kanga akatazama chini. "Mimi aliniambia Kunguru."

"Niliwauliza nyote mmesikia nini," Ngiri akasema. "Sikumwuliza hata mmoja ameona nini." Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Wakamtafuta Kunguru wamwulize, wasimpate. Alikuwa mtoni, akidonoa mabaki aliyoachiwa na Simba.