Shahidi wa Pili

Semeni aliusoma ule mstari mara mbili, mumewe akiwa amempa kisogo, akitafuta kalamu kabatini. Shamba la migomba la Matombo, lile alilolilima kwa mikono yake miaka kumi na tisa, wosia ulimwachia jirani yao, muuza viungo. "Kwa wema wake," mume alikuwa ameandika.

Wema! Wivu ukampanda.

Juzi, kwa wakili, mume alitoka nje kupokea simu, akawa anacheka huko kama kijana. Ndipo wakili alipomwambia Semeni, "Mama, wewe usisaini. Anayerithi akiushuhudia wosia, anapoteza alichoachiwa."

Semeni hakumwambia mumewe. Naye hakuuliza.

"Mjumbe yupo barazani," mume alisema sasa. "Bado shahidi wa pili. Nimwite fundi baiskeli?"

"Fundi wa nini, Baba Kondo? Si yupo jirani yetu, mtu mwema?"

Mume akaiweka kalamu mezani. Akaenda kumwita mwenyewe, tena mbio mbio.

Mwanamke akaingia na kanga mpya, ananukia mdalasini. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kiti."

Semeni akaikunja karatasi, ikabaki sehemu ya saini tu. Akavishika vidole vya mgeni, vilivyokuwa na manjano, akavifuta kwa pindo la kanga yake, kimoja kimoja, hadi vikatakata. Kisha akamwekea kalamu mkononi.

"Andika majina yote matatu," alisema. "Yasomeke vizuri."