Harusi Iko Rumonge

"Geuza gari," mama alisema, na hata mtaa wa Kanyosha walikuwa hawajaumaliza.

Hamimu alicheka tu. Alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe pe, na gari aliloazima kwa fundi mwenzake lilifungwa utepe mwekundu mbele. Kulia Ziwa Tanganyika lilimeremeta. Kushoto milima ilishuka hadi ukingoni mwa barabara.

"Mama, mzee Ilias anatungoja. Wamechinja mbuzi."

"Na majirani zetu wa Bwiza watasema nini?"

"Si ndiyo maana tunafanyia Rumonge?"

Mama Assia akanyoosha mikunjo ya gauni lake. Walikuwa wawili tu nyumbani tangu baba yake Hamimu afariki, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Alimlea kwa kukaanga sambusa, akamsomesha ufundi wa magari, na miaka yote hiyo hawakuwahi kuishi mbalimbali.

"Nyumba ile itakuwa kimya," alisema.

"Itazoea, mama."

Kabezi walisimama kununua samaki wa kupeleka. Muuzaji, mwanamke mcheshi aitwaye Lisette, aliinama dirishani, akauona utepe, akaiona kanzu.

"Ee, bwana arusi! Na bibi arusi ni muzuri?"

"Muzuri sana," Hamimu akajibu. "Mi sijaona wa kumushinda."

Mama akageuza uso kuelekea ziwani, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Walipokaribia Magara, magari yalikuwa yamesimama. Mvua ilikuwa imeporomosha kilima, na tope limelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma kuinuka. Hamimu akashuka kulipima. Hatua ya tatu akateleza, akaanguka chali. Alipoinuka, kanzu ilikuwa na rangi ya matofali.

Akarudi garini ameinamisha kichwa. "Mama, basi turudi. Tutakuja siku ingine."

"Turudi?" Mama Assia, aliyekuwa akiomba kurudi asubuhi nzima, alimkodolea macho. "Apana! Una wazimu we? Watu wamepika!"

Hamimu akaliacha gari kando ya barabara, akabeba samaki. Mama akavua viatu, akakunja gauni lake la hariri hadi magotini, akaingia topeni. Wasafiri walipiga makofi. Katikati mguu wake ulizama. Akayumba, akashikilia bega la mwanawe, akaangua kicheko ambacho Hamimu hakuwa amekisikia tangu utotoni. Alitaka kicheko kile kisikatike.

Ng'ambo ya pili walipata lori lililokuwa likirudi Rumonge kuchukua mafuta ya mawese. Dereva aliwaketisha mbele, akapiga honi njia nzima kama msafara wa harusi kamili.

Nyumbani kwa mzee Ilias vigelegele vilipanda kabla lori halijasimama. Wanawake wakamchukua mama Assia wamwoshe miguu. Mzee Ilias, seremala mpole mwenye ndevu nyeupe, akamkumbatia Hamimu bila kujali tope.

"Karibu, mwanangu. Nilianza kuogopa mumebadili nia."

"Mama angekuja hata kwa kuogelea," Hamimu akamnong'oneza.

Mkeka ulikuwa umetandikwa uani. Shehe, mgeni kutoka mtaa wa pili, alimtazama kijana mwenye kanzu iliyoharibika, akatabasamu.

"Haya, tuanze. Bwana harusi akae hapa mbele yangu."

Hamimu akajisogeza pembeni, akampisha mzee Ilias akae.