Leseni ya Kompyuta Moja

Salha alisoma maneno ya kudai leseni kwenye kompyuta mpya kwa mara ya tatu, akavua miwani. Leseni ya mfumo aliinunua yeye, lakini bado ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani, ile aliyoondoka nayo Kitwana, aliyekuwa mumewe, walipoachana. Nayo ni leseni ya kompyuta moja tu.

Tangu asubuhi alikuwa akiwarudisha wateja wenye barua za kuchapwa. Alimpigia Kitwana simu.

"Nimenunua mashine nyingine," alisema. "Nataka kuihamisha leseni."

Kitwana aliuliza, "Kwa hiyo yangu itazimika?"

"Haitazimika. Itakudai leseni kila ukiiwasha."

"Ni haki yako, Salha. Ila nivumilie nimalize barua moja. Mama yako yuko hapa, namchapia mambo ya kiwanja."

Salha hakujua kama mama yake bado alikuwa akienda kwa Kitwana. Pengine alikuwa akienda siku zote, na hakuona haja ya kusema.

"Anaendeleaje?"

"Miguu inamsumbua. Nimemkalisha."

Salha naye alivuta kiti, akakaa. Kwenye kioo, kitufe cha kuhamisha kilikuwa kikimngoja. Hakukibonyeza, wala hakukata simu. Alisikia Kitwana akiendelea kuchapa kwa vidole viwili, kama alivyochapa miaka yote, na karibu naye mama yake akimtajia mipaka ya kiwanja, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.