Kidole cha Baba

Baba, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa domo, alizinduka baada ya upasuaji wa koo akiwa hana sauti. Binti yake, mwandishi wa habari za mtandaoni, alimwekea simu mkononi.

"Andika, baba. Mimi nitasoma."

Kusoma kwenyewe kulishamshinda. Miaka ya kuparaza habari kwenye kioo cha simu ilikuwa imemzoesha kuonja mstari wa kwanza na kuukimbilia wa mwisho. Hata jumbe za baba, ndefu kama treni, alizijibu kwa alama ya dole gumba kabla hajafika katikati.

Sasa kidole cha mzee, chenye ukucha uliopasuka, kilitambaa juu ya herufi kama konokono. "Nina," kiliandika. Simu, kwa kimbelembele chake, ikapendekeza: njaa, kiu, maumivu.

"Una kiu, baba?" binti akadakia.

Mzee akamkata jicho. Kidole kikaendelea. B. A. H.

"Nina bahati. Nilipofumbua macho nilikuona wewe. Siku uliyozaliwa, wewe ulipofumbua yako, uliniona mimi. Mama yako alicheka, akasema"

Kidole kikasita, kikiitafuta herufi. Ujumbe wa kazini ukashuka juu ya kioo. Binti akaufuta bila kuusoma. Mama alikuwa marehemu tangu yeye hajajua kutembea, na hakuwahi kusimuliwa kicheko chake.

Akavuta kiti, machozi yakimlengalenga, akimshukuru Mungu kwa uzito wa kidole kile.

"Taratibu tu, baba. Leo siruki hata nukta."