Sentensi Tatu Zilizobaki

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akisahihisha, amefika daftari la ishirini, mkono ukienda wenyewe. Zoezi lilikuwa kupigia mstari nomino katika sentensi kumi. Mtoto huyu aliishia ya saba, kengele ikalia. Mwalimu akamwandikia chini kwa wino mwekundu: "Njoo ofisini umalizie."

Alipolifunga daftari ndipo akaona jina kwenye jalada. Huyu walimzika Jumamosi.

"Nimefuata vitu vya mwanangu, Mwalimu," alisema baba mtu, mlangoni.

Wino ule haukuwa wa kufutika. Akampa daftari.

Baba alilifungua penye wino mbichi, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaokota rula mezani.

"Zimebaki tatu," alisema. "Nielekeze, Mwalimu."