Omu Hamsini

"Shemeji, chai ya marehemu itasubiri, mnunuzi wa mashine yuko njiani," Tokumaru alisema, akichomeka kipimo kwenye tundu la kuingizia mawimbi la amplifaya, mashine ya kukuza mawimbi ya redio, aliyoiacha rafiki yake marehemu. Mjane akakiacha kikombe mbali na picha ya mumewe, ambayo kila siku huiwekea chai mbele yake.

Tokumaru hakutegemea mengi. Mashine ikiwa baridi, sindano ya kipimo haifiki omu hamsini za ukinzani wa umeme zinazotakiwa. Sharti taa zake za kioo za ndani, zinazokuza mawimbi, ziwashwe zipate moto kwanza.

Sindano ikapanda taratibu, ikatulia kwenye hamsini.

"Umewasha, shemeji?"

"Nitawashaje? Waya wa umeme si huu hapa mkononi mwangu?"

Tokumaru akaigusa taa. Ikamuunguza kidole.

Mjane akaitazama picha. "Si nilikwambia tumpe chai yake kwanza?"