Vijiti Viwili

Kila asubuhi, kabla ya kumwita mtu ndani, nesi wa zahanati aliwapa wanawake wa benchini somo la uzazi wa mpango. Mwenye presha asikimbilie vidonge hivi. Anayenyonyesha apewe vile.

"Na wewe mama uliyezaa sita ukachoka, kuna vijiti vya mkononi. Pokezaneni, having'ati!"

Wakacheka, wakapokezana vijiti viwili laini, vyembamba kama njiti za kiberiti.

Rogathe hakufuata hayo. Alikuja kuuliza kwa nini hashiki mimba, miaka mitatu tangu apasuliwe kujifungua, mtoto wao akafa. Lakini vilipomfikia, vidole vyake vilivitambua kabla ya kichwa.

Akapapasa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko kwa ndani. Vilikuwepo viwili, vimelala chini ya ngozi. Mumewe alimwambia ni dawa ya damu, asiichezee.

"Nesi, mtu huwekewa hivi bila kuulizwa?"

"Hapana, dada. Lazima akubali mwenyewe."

"Na akiwa kwenye usingizi wa operesheni?"

Nesi akamtazama. "Nani alikusainia?"

Mumewe alikuwa akimsubiri getini, vumbi la machimbo ya jasi ya Makanya bado viatuni. Rogathe akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha. Mume hakuuliza ni nini.

"Mimba nyingine, ningekuzika, Rogathe," akasema, macho chini.

"Ndiyo maana kila mwezi ukafunga na kuomba pamoja nami? Na mama yako aliponiita mgumba mezani, ukaomba uongezewe mboga?"